Mama mkwe ananilisha njahi na hajui tumbo langu limekatwa

Admin, nipostie lakini jina langu lisionekane, hata herufi ya kwanza. Mimi ni mama wa miaka 37, niko na watoto wawili na hoteli ndogo hapa Salgaa, ya kupikia madereva wa malori. Mimi ni mtu wa mdomo, dereva akinichokoza namjibu hadi anasahau chenji. Lakini leo ninaandika nimejifungia chooni.

Nilikuwa mnene, na si ule unene wa kusifiwa. Nilikuwa nashindwa kuinama nifunge viatu. Presha juu, sukari ikaingia. Halafu dada yangu mkubwa, na tulifanana mwili na kila kitu, akaanguka jikoni akichemsha chai na hakuamka tena. Tangu tumzike nikawa naogopa hata kulala. Nikaenda Nakuru kwa daktari, akanipima, akasema dawa zimezidiwa, lakini wanaweza kukata tumbo la chakula libaki dogo kama ndizi. Nilicheka, halafu nikalia. Wakati wa kujitayarisha nilikunywa supu tu huku nikipikia watu matumbo na chapati. Msichana wa jikoni ndiye alikuwa ananionjea chumvi.

Sasa shida ilianzia hapa. Mume wangu anaendesha lori, ni mtu mzuri, lakini anaogopa mamake kuliko polisi wa barabarani. Mama yuko Mau Narok, ni mkulima wa viazi, na alishasema mbele ya watu kanisani kwamba mtu hukatwa tumbo akiwa mgonjwa, si akiwa ameshiba. Basi mume akasema tumwambie ni fibroids, ule uvimbe wa kizazi. "Hiyo ataelewa, na hakuna mtu atauliza maswali."

Aki aliielewa sana! Kwetu mwanamke akifanyiwa operesheni ya uzazi anahesabiwa kama mzazi, lazima arudishiwe damu. Kabla sijapona hata kidonda, mama akashuka hapa na gunia la viazi, kuku, mtungi wa uji uliochacha, na njahi, ile maharagwe nyeusi ya kulishwa mama aliyejifungua. Akachukua jikoni yangu yote. "Wewe lala, Mama Njeri (hilo jina la mtoto nimebadilisha). Kazi yako ni kukula."

Na daktari alikuwa ameniambia wazi. Vitu vya maji, halafu vya kusagwa laini, kijiko kimoja unapumzika. Nikijaza nikatapika kwa nguvu, pale waliposhona panaweza kuachilia, na hapo ni kifo. Kwa hivyo nikaanza kuficha chakula. Nasema nitakula baadaye, nafunga kwa karatasi, naenda kumwagia mbwa wa jirani. Huyo mbwa amenona jamani, ananifuata kila mahali kama mtoto wangu.

Juzi mama akaketi mbele yangu na sahani ya mukimo, ile njahi ya kupondwa na viazi. Nikamwambia sina njaa. Nilidhani atanikaripia, lakini akaanza kulia. Nilijua mume wangu alikuwa na dada aliyekufa, lakini sikuwahi kuambiwa alivyokufa. Mama akaniambia, "Wangari alikuwa anasema hivyo hivyo, hana njaa. Akakonda hivi nikimwangalia, hadi nikawa namuosha kwa beseni kama mtoto mchanga. Mimi sitazika mwingine. Unanisikia?" Akashika kijiko kwa mkono wake, akakileta mdomoni mwangu. Ningefanya nini? Nikafungua mdomo. Nikameza, akaleta kingine, machozi yanamtoka na anatabasamu.

Maumivu yaliyonishika siwezi kueleza. Nilitapika hadi nikaona giza. Jirani akanikimbiza Nakuru na gari yake, njia nzima nimeshika tumbo namwomba Mungu asiwanyang'anye watoto wangu mama yao kwa sababu ya mukimo. Wakanipiga picha, hakuna mahali pameachilia. Daktari akasema ni bahati, na nisiijaribu tena. Nikarudi nyumbani, mama akanishika shavu. "Unaona? Ni damu imekuwa kidogo. Lazima uongeze kukula."

Na bado. Jumamosi hii wamama wa kikundi chake wanakuja kutoka Mau Narok kuniona mgonjwa. Mnajua vile inakuwa. Kila mmoja anakuja na sufuria yake, na lazima uonje ya kila mtu, kwa sababu ile utakayoruka, umemwita mwenye sufuria mchawi mbele ya wenzake. Nikampigia mume wangu, yuko Malaba mpakani kwa foleni ya malori. Akasema, "Onja tu kidogo kidogo, wakienda tutaona. Ukimwambia mama ukweli utamuua."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

Nikasikia tu malori yakipiga honi huko. Halafu akasema atanipigia baadaye, na hajapiga.

Sina hasira na mama. Hakuna mtu amewahi kunipenda hivi tangu dada yangu aende, na ndiyo inanitesa. Nitamwambiaje mama aliyezika mtoto kwa kukonda, kwamba mimi nilijitakia kukonda? Na mwongo ni mimi na mtoto wake, yeye hana kosa lolote. Lakini nikinyamaza ninaona Jumamosi vile itaisha, naona sufuria zimepangwa na mimi niko katikati nikiogopa kijiko.

Sasa hivi yuko hapa mlangoni anabisha. "Mama Njeri, uko sawa huko ndani? Toka, imeiva. Leo nimekuwekea na nyama."

Mliopitia haya, na nyinyi mlio mama wakwe za watu, mnisaidie tafadhali. Nikifungua huu mlango nimwambie, ama nikule? Nijibuni haraka.