Kulia na Kushoto

Harufu ya grisi ya trela hunirudisha mtaa wa Woolwich, kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu. Siku moja mama alikuwa anarudisha nyuma trela yenye boti ya baba, aiingize getini. Kila mara baba alipoelekeza, "Kulia!", mama alikata usukani kulia, na boti ikaenda kushoto, ukutani, maana trela ikirudi nyuma huenda kinyume cha usukani. Majirani walicheka. Mimi, niliyegombezwa kila siku mezani kwa kuchanganya mkono wa kulia na wa kushoto, nikapaza sauti, "Kushoto!", nikimaanisha kulia. Mama akakata kushoto. Boti ikageukia kulia, ikapita getini bila kugusa popote.

Mama akapiga kigelegele ndani ya gari. "Mwanangu ndiye fundi!"

Siku hiyo nilikula wali kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyethubutu kunisema.