Kochi Lililofikishwa Mahakamani

Jua bado halijafika kibarazani. Mama Makochi amepiga magoti mbele ya kochi ambalo bado halijavishwa, misumari midogo imemjaa mdomoni. Anausogeza mmoja kwa ulimi hadi kwenye midomo, anaupokea kwa nyundo yenye sumaku, anaugonga. Ukimuuliza swali, subiri. Hajibu mpaka misumari iishe.

"Fremu hii katengeneza mume wangu," anasema hatimaye, akijifuta midomo. "Huyu ninayeachana naye."

Kwa miaka kumi na miwili waliishi kwa kazi moja. Mume, seremala, alichonga fremu. Mke alizivisha sponji na kitambaa. Ndoa ilipovunjika, karakana na wateja vilibaki kwa mume. Mama Makochi alitoka na binti yao, mkasi na nyundo. Alifungua shauri la talaka, na mahakama ikaamuru mume ampe matunzo kila mwezi wakati shauri likiendelea.

Mwezi wa kwanza pesa ilikuja. Wa pili ilikuja nusu. Wa tatu alikuja seremala mwenyewe, fremu begani, jasho likimtiririka. Wateja hawakuwa wamemlipa. Akaitua, akasema ikivishwa itauzika, akageuka akaenda zake.

Dada yake Mama Makochi, aliyekuwa amewapokea nyumbani kwake, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mdogo wangu, uliomba matunzo au mbao? Haya, bandika sufuria tuchemshe mguu wa kochi."

Lakini kochi lile lilipata mnunuzi gundi ikiwa bado haijakauka vizuri, tena kwa bei iliyozidi matunzo yenyewe. Mwezi uliofuata Mama Makochi alimtumia seremala ujumbe kwamba asihangaike na pesa, alete fremu mbili. Baadaye akakodi kibaraza hiki na kuajiri wasichana wawili wa kushona foronya. Kazi iliwanogea wote, wala hakuna aliyekumbuka kuiambia mahakama.

Huko mahakamani ilionekana seremala ameacha kulipa. Akaitwa aeleze kwa nini asifungwe.

"Nikajiuliza," Mama Makochi anakumbuka. "Akifungwa, fremu nitazitoa wapi? Na mtoto nimwambie nini, kwamba baba yake yuko ndani na matunzo yenyewe tumeshayala?"

Siku ya kusikilizwa alifika na kochi juu ya mkokoteni. Alimweleza hakimu kwamba amelipwa, na kwamba sehemu ya malipo iko nje, imeegeshwa juani. Hakimu akaruhusu kochi liletwe ndani.

Kochi likagoma mlangoni. Likasukumwa, likavutwa, likakwama kabisa. Ndipo seremala, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi, akanyanyuka.

"Miguu yake inafunguka, mheshimiwa. Naomba nisaidie."

Akaifungua miguu, akashika upande mmoja, mkewe akashika wa pili.

"Inua kwako," seremala akasema.

"Nimeinua. Wewe ndiye uliyelala."

Ukumbi mzima ukacheka, na kochi likapita.

Hakimu alishuka, akaketi juu yake, akajaribu egemeo. Alisema mahakama haikusanyi samani. Hata hivyo, kwa kuwa mlipwaji amekiri kupokea kwa hiari yake, fremu zitahesabiwa kuwa matunzo kwa bei watakayokubaliana wote wawili, na kuanzia hapo waandikiane stakabadhi na kuziwasilisha. Kisha akaongeza, akiwa bado amekaa, "Mlikaribia kunifanya nimfunge mtu aliyelipa."

Waliokuwepo walidhani wawili hao watarudiana. Mama Makochi bado anaulizwa hilo na wateja, naye hutabasamu.

"Fundi mzuri sana yule. Mume, hapana."

Wikendi binti yao huenda karakana kwa baba, hurudi na vumbi la mbao kwenye nywele, akipiga soga njia nzima. Nyumba mbili, na zote mbili zinamchekea.

Hukumu ya talaka inatarajiwa mwezi ujao. Siku hiyo Mama Makochi ataomba matunzo yake yakome. Hoteli moja imemwagiza makochi ya ukumbi mzima, na malipo ya awali ameshayapokea.

"Nataka niende pale karakana kama mteja," anasema. "Nimpe oda, anitajie bei. Na ataona nitakavyomkalia kooni anipunguzie!"

Anacheka, anachota misumari kiganjani, anaitia mdomoni. Mazungumzo yamekwisha.