Mume wa Wilaya Mbili

Nthenya aliapa kwamba Musembi ana wake wawili wa siri, mmoja Nunguni na mwingine Kwa Vonza, na kwamba hakuambiwa na mtu, alisikia mwenyewe kwenye redio. Neno hilo alilileta asubuhi, kabla hata hajapata pa kukaa, Kavata akiwa bado anamwosha mtoto kwenye karai.

"Mwanaume wa kupika chapati," Nthenya alisema. "Kitanda chenyewe amekiinua kwa matofali. Halafu wanawake wanamgombania mpaka nchi nzima inasikia."

Kavata akaendelea kumsugua Mumo nyuma ya masikio.  Chumba chake na cha Musembi kilitengwa na mbao nyembamba tu, na redio ya Musembi ndiyo ilikuwa redio pekee katika ile ploti yao ya Kibwezi. Yale ambayo jirani yao Nthenya aliyasikia vipande vipande akipita kuteka maji, Kavata aliyasikia yote, kila mchana, huku akinyonyesha.

Musembi alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, kichwa kimeanza kung'aa. Alipika chapati katika hoteli moja kando ya barabara ya Mombasa, pale madereva wa malori wanapokula. Akishawalisha wale wa mchana alirudi nyumbani ananuka mafuta, anakaa kwenye kigoda, anafungua redio. Mawe ya redio yakiisha nguvu alimpa Kavata ayaanike juu ya mabati pamoja na nepi za Mumo.

"Niwekee watoto wangu juani, Mama Mumo," alikuwa akisema. "Hawa ndio nimejaliwa, na hata hao wananifia mapema."

Ndivyo alivyokuwa, anajicheka kabla hujapata nafasi ya kumcheka. Ukimwambia amenenepa, atakuambia bado hujaona, hiyo ni nusu, nusu ingine ameiacha hotelini ilinde jiko. Kwenye kwaya aliimba sauti ya chini kabisa, na alisema amesimamishwa mstari wa nyuma kwa sababu suruali yake imeshikwa na pini na kanisa halitaki kuaibika.

Lakini saa ya salamu ilikuwa saa yake. Wakati huo watu walikuwa wakinunua kadi dukani, wanajaza majina na ujumbe, wanatia posta, na mtangazaji anasoma. Musembi alituma kadi kuliko alivyonunua nyama. Na kulikuwa na wawili waliomjibu kila mara, mmoja akijiita Malkia wa Viazi, Nunguni, mwingine akijiita Bibi Harusi Mtarajiwa, Kwa Vonza. Wao ndio waliomvika jina la Mume. Na kwa kuwa Nunguni na Kwa Vonza ziko wilaya tofauti, cheo chake kikapanda, akawa Mume wa Wilaya Mbili.

Malkia alimsalimu "mume wetu popote alipo na kitambi chake", halafu akamsalimu mke mwenzake wa Kwa Vonza, anayengoja harusi tangu ile njaa ya mahindi ya njano. Ujumbe: hiyo gauni itaoza. Baada ya wiki mbili Bibi Harusi anajibu kwamba afadhali gauni ioze kuliko ivaliwe kwa mtu anayenuka mafuta ya chapati. Posta ilikuwa na mwendo wake. Ukitukanwa leo, ukijibu, yule aliyekutukana ameshasahau alisema nini, anaanza kutuma kadi akiuliza amekosa wapi. Musembi naye anaandika: wake zangu msigombane, hata mmoja siwezi kumlisha. Mtangazaji alisoma yote kwa sauti ya habari za serikali, kisha anasema, huyu bwana ana kazi.

Na upande wa pili wa mbao, Kavata alimsikia Musembi akiijibu redio kana kwamba wenzake wamekaa naye kitandani. "Muone huyu," anasema. "Ngoja, nitamtengeneza." Anacheka mpaka kikohozi.

Ukweli Kavata aliujua Jumamosi moja, Mumo akiwa bado mchanga kabisa. Alikuwa nje anafua. Wakaja wageni wawili, mmoja mrefu mwenye ndevu za kutosha kutengenezea brashi, amebeba nusu gunia la viazi begani, na mwingine mwembamba, mwenye unga wa mahindi kwenye nyusi kama mtu aliyetoka kisiagi bila kunawa. Walisalimia vizuri, wakajitaja Muli na Mutie, wakaingia kwa Musembi. Mara kicheko. Kisha Musembi akasema, "Malkia, umenona." Sauti nzito ikajibu, "Ni hivi viazi, mume wangu. Na huyu bibi harusi wako amekonda kwa kukungoja."

Kavata alibaki na nepi mkononi. Aliikamua, akaikamua tena ikiwa imeshakauka. Alikuwa ameishia darasa la nane, lakini hili halikuhitaji hata la kwanza. Hakuna mwanamke Nunguni, hakuna Kwa Vonza. Ni Muli wa viazi na Mutie wa kisiagi, wanaume wanaopenda wanaume, na duniani hawakuwa na pa kusema hivyo ila pale redioni, mbele ya watu wote, kwa mzaha. Alitega sikio ili aone kama atachukia. Akasikia wanachekana upara, wanachekana meno, wanachekana umaskini, kama vile dada zake walivyokuwa wakichekana wakimenya mbaazi. Akaanika nepi.

Sasa maneno ya Nthenya yalitembea. Yalifika kwa akina mama wa kanisa, na akina mama wakayafikisha kwa Pasta Evanson. Jioni moja pasta akaja pamoja na Mzee Ndungu, mzee wa kanisa ambaye pia ndiye mwenye hoteli ya chapati. Kavata alimweka Mumo titini ili asilie.

Pasta aliongea kwa upole. Alisema mwanaume anaweza kuanguka, lakini achague mmoja, amlete, wafungishwe ndoa, na mwingine aachwe kwa amani. Musembi alijibu kwa unyenyekevu kwamba kati ya wale wawili hakuna ambaye gauni ingemkaa. Pasta aliona huo ni ukaidi. Mzee Ndungu ndiye aliyemaliza. Siku atakapomsikia tena Musembi redioni akiwasalimu wanawake hao, Musembi atafute jiko lingine. Na akina mama wa kanisa watapanda Nunguni wamtafute huyo Malkia wenyewe, wamwulize anataka nini.

Musembi akakubali kuacha. Walipoondoka, Kavata alimsikia akijisemea polepole.

"Nimeshtakiwa kwa kupenda wanawake. Marehemu mama angefurahi sana."

Alicheka kidogo. Kesho yake hakufungua redio.

Siku zilizofuata aliifungua, lakini chini chini. Wenzake hawakujua lolote. Mwanzoni walimtania: mume amenunua kitanda kipya, hataki kuamka. Kisha kadi za Malkia zikawa fupi. Mume wetu, uko wapi. Bibi Harusi akatuma kwamba gauni ameipaka rangi nyeusi, aambiwe kama matanga yameanza. Mtangazaji mwenyewe akauliza, bwana wa Kibwezi, familia inakutafuta. Upande wa pili wa mbao ilisikika redio tu. Hakuna kikohozi, hakuna ngoja nitamtengeneza. Musembi alianza kurudi na chapati zilizoungua na kusema siku hizi anapika makaa.

Halafu ikasomwa kadi ya Malkia: nikishavuna viazi mwisho wa mwezi ujao, nateremka Kibwezi mwenyewe, nione mtu au nione kaburi.

Kabla wimbo haujaisha Nthenya, aliyekuwa ametega sikio dirishani kwa Musembi, alikuwa mlangoni kwa Kavata. Mke anakuja. Ploti nzima itamwona akishuka barabarani. Akina mama wa kanisa watapanga mstari, na Mzee Ndungu ataarifiwa. Kavata alimwona Muli akilini, na zile ndevu, na gunia, akipokewa na mstari huo wa akina mama.

Nthenya alipokwenda, Musembi akaja. Hakuwahi kuingia kwake. Alisimama nje, ameshika mawe mawili ya redio kama mtu aliyekuja kuomba yaanikwe. Juu ya mawe, kadi ya salamu, haijaandikwa kitu.

"Mama Mumo, wewe umesikia."

"Nimesikia."

"Na unajua hao si wanawake."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu viazi."

Alifunika uso kwa mkono wenye unga. Mabega yalitikisika, na Kavata hakuweza kujua ni kicheko au ni kile kingine. Alipotoa mkono, paji lote lilikuwa jeupe.

"Na ulinyamaza muda wote huo, ukanianikia watoto."

Kavata alimhamisha Mumo bega lingine, akaitazama ile kadi tupu, akaelewa anaombwa nini. Akamwambia yeye mwenyewe mwandiko wake ni wa kuku aliyefukuzwa, na hata kadi hajawahi kutuma.

"Wangu ni wa kuku aliyechinjwa, na wanausoma," Musembi alisema. Kisha akashusha sauti. "Sanduku la posta hawana, ni redio tu inayowafikia, na mimi nimekatazwa, wewe hujakatazwa. Mwanamke akimsalimu Malkia na Bibi Harusi, Nthenya atauliza nini? Ni wanawake wanasalimiana. Waandikie, Mama Mumo, kwa jina lako. Muli abaki na viazi vyake, asije. Waambie mume yuko hai, amenenepa, anawakimbia wanaomdai. Watajua ni uongo, hakuna anayeweza kunikopesha."

Akamnyooshea kadi, akaivuta nyuma kidogo, akaifuta unga kwa kiwiko, akaitoa tena.

"Na nafasi ikibaki pale chini, unisalimu na mimi. Walisema nisisalimu. Hawakusema nisisalimiwe. Usiandike mume. Andika jirani."