Taa Nane za Noeline Trask

Huko Dargin, magharibi ya Queensland, mtu husamehewa mengi. Anaweza kulewa Jumapili asubuhi, anaweza hata kushangilia timu ya Sydney, na watu wakaendelea kumpa kiti baa. Lakini akilipita gari lililoharibika njiani bila kusimama, huyo basi tena. Njia ya huko haina kivuli wala maji, na gari linalofuata huenda likapita kesho kutwa.

Noeline Trask ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu wa sheria hiyo. Kwa miaka ishirini na minne alipeleka barua, vipuri na mboga kwenye ranchi kumi na moja, kilomita mia tano na arobaini za vumbi, kila Jumanne na Ijumaa. Aliwahi kusikia kwamba mchuuzi mmoja wa pampu amempita mtu aliyekwama. Alimfuata mpaka baa akamuuliza mbele ya watu kama mama yake alimzaa au alimwokota. Mchuuzi hakuonekana tena Dargin. Na mwanamke mwenyewe mwembamba, ana miaka sitini na miwili, na ulimi umepata makali kuliko kisu cha kuchunia. Mlangoni mwa ranchi hakuwahi kuzima injini. Mfuko wa barua chini, mfuko mwingine juu, kwaheri. Akikaribishwa chai hujibu kwamba barua hazinywi chai.

Gari lake lilikuwa na taa sita za ziada. Jozi ya kwanza alifunga mwaka ambao kangaruu alimvunjia rejeta, na huo ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili zake: taa moja ya mwanga mwembamba unaokwenda mbali, nyingine ya mwanga mpana wa kumulika vichaka vya kando, wanyama wanakotokea. Jozi ya pili, miaka minane baadaye, ilikuwa ya manjano, kwa sababu mwanga mweupe ukiingia kwenye vumbi hurudi machoni. Hapo pia hakuna wa kumcheka. Ya tatu aliiweka juu ya paa mwezi wa pili mwaka huu, na Cec Dunphy, fundi umeme wa magari pekee mjini, alimkataza mpaka akachoka. Mwanga wa taa ya paa hupiga boneti, boneti inakurudishia machoni. Noeline alisema afunge tu. Sasa ulikuwa mwezi wa nane, na alikuwa amerudi kutaka mbili zaidi.

Sababu aliijua yeye peke yake. Tangu mwaka jana dunia ilikuwa imeingia ukungu, kama kioo cha dirisha la jikoni ambalo halijafutwa. Jua likiwa mbele yake, njia iliyeyuka kabisa. Madereva wa huko wakipishana husalimiana kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na Noeline, kwa kuogopa kuonekana ana maringo, alianza kuinua kidole kwa kila kitu kilichosimama wima. Alisalimia vibao vya njia. Kuna ng'ombe mmoja wa mzee Haddow, mwenye ranchi mojawapo, aliyesalimiwa kila Ijumaa mwezi mzima.

Mwisho wa mwaka mkataba wa barua ungefanywa upya, na safari hii ulikuja na fomu ya daktari yenye ukurasa mzima wa macho. Bila njia ile Noeline hakujua yeye ni nani. Kwa hiyo alijiambia kwamba hana tatizo la macho, ana tatizo la taa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hilo tunamwambia mwenzetu. Sisi wenyewe tunakwenda kutafuta taa.

"Nane?" Cec aliuliza. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye pai ya nyama mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili. "Unapeleka barua au unataka ndege zitue?"

"Funga, bwana. Sikuja kuomba ushauri."

"Ushauri wangu ni wa bure, ndiyo maana huutaki."

"Ungekuwa na thamani ungekuwa umeuuza, ukanunua shati lisilo na matundu."

Cec alicheka akaanza kazi. Hakutaka kuunganisha taa mpya kwenye waya za zamani. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo usio wake hupata moto, na gari likiwaka katikati ya njia ile, barua zote ni majivu. Alivuta waya mpya, mnene, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Fyuzi akaiweka karibu kabisa na betri. Relei akaifunga pembeni, ibebe umeme mkubwa, swichi ya kwenye dashibodi ibaki na umeme mdogo wa kuiamrisha tu. Kila waya aliufunga kwa mikanda ya plastiki kila upana wa kiganja, maana matuta-matuta ya njia ya Dargin hufungua hata meno kinywani.

Noeline alizoea kumsaidia kumenya ncha za waya. Siku hiyo alizimenya kwa kupapasa, kidole gumba kikitafuta mwisho wa plastiki. Cec alimpa waya mwekundu akamwomba aukaze kwenye betri, upande wa chanya. Noeline aliushika, akainama mpaka pua ikakaribia betri, kisha akasema mgongo unamuuma, kaza mwenyewe. Cec alikaza mwenyewe. Kisha akamtazama vizuri.

Kazi ilipokwisha alishusha mlango wa karakana, giza likaingia mchana kweupe. Ukutani palikuwa na misalaba miwili ya chaki ya kupimia taa. Kwa kawaida Noeline alisimama kando ya gari akimwelekeza: panda, shuka, kushoto kidogo. Cec alibonyeza swichi.

"Unazionaje?"

Noeline alitazama ukuta. Aliona mwanga mkubwa uliomwagika kama maziwa.

"Safi," alisema. "Zimekaa sawa zote mbili. Ya kushoto ishushe kidogo."

Cec alikwenda mbele ya gari. Kisha Noeline akasikia mlio mdogo, plastiki ikibanduka, akahisi kitu kikiwekwa kiganjani mwake: cha duara, chepesi, chenye ukingo. Vidole vilikijua kabla ya kichwa. Kilikuwa kile kifuniko cheusi ambacho taa mpya huja nacho ili kioo kisipigwe na mawe. Taa ya kushoto ilikuwa imefunikwa muda wote.

"Umenitega," alisema.

"Nimekutega."

"Una roho mbaya, Cec."

"Ninayo. Sasa sikiliza. Vern Haddow alikuja hapa juzi. Jumanne ya wiki iliyopita gari lake lilikufa karibu na lango la pili la ranchi yake. Alikaa pale saa tatu nzima. Ukapita."

"Muongo huyo! Mimi sijawahi kumpita mtu!"

"Alisimama ukingoni mwa njia akikupungia kofia. Wewe ukainua kidole, ukamsalimu, ukaenda zako."

Noeline alikigeuza kile kifuniko mikononi.

"Alitembea kilomita tisa mpaka kwenye birika la ng'ombe, akanywa humo," Cec aliendelea. "Ana miaka sabini na minne. Hajamwambia mtu ila mimi. Anasema lazima una jambo, Noeline hawezi kufanya vile."

"Ilikuwa magharibi tayari," Noeline alisema polepole. "Taa zile..."

"Ilikuwa saa tisa mchana. Jua lote lile lilikuwa juu. Mimi sina taa ya kulizidi jua."

Noeline alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aibu ilimshika, aibu ya kweli. Hakuifikiria fomu wala mkataba. Alimfikiria yule mchuuzi wa pampu, na maneno aliyomwambia mbele ya watu. Nyani haoni kundule. Na huyu alikuwa amelifungia taa nane.

Baada ya muda alitoa funguo za gari mfukoni, akazinyoosha kuelekea upande aliposikia Cec anapumua.

"Ijumaa barua zinasubiriwa," alisema.

"Nitazipeleka."

"Unaendesha kama bi harusi."

"Nitafika nikiwa nimependeza."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Noeline alipasuliwa katika hospitali ya pwani, jicho moja kwanza, la pili majuma matatu baadaye. Aliporudi, jambo la kwanza alilomwambia Cec ni kwamba yeye Cec amezeeka vibaya na hakuna aliyemwarifu. La pili ni kwamba ang'oe zile taa za paa na hizi mpya, zinamuumiza. Zikabaki nne. Vipimo vya macho vya ile fomu alifaulu bila shida.

Jumanne ya kwanza, mchana, jua likiwa mbele yake, aliona gari karibu na lango la pili, boneti imeinuliwa. Aliliona kutoka mbali sana, pamoja na mtu kando yake na kofia mkononi. Alisimama, akaruka chini na sanduku la vifaa.

"Limekufaje?"

"Halijafa," Vern Haddow alisema. "Ni zima kabisa."

"Sasa boneti ya nini?"

"Nilitaka kuona kama utasimama."

Noeline alimtazama uso: mikunjo, midomo iliyopasuka kwa jua, macho yakicheka kidogo. Kila kitu kilionekana.

"Siku ile nilikusalimu kweli?"

"Kwa heshima zote. Ng'ombe wangu wanakusifu pia."

Noeline hakucheka. Alirudi kwenye gari lake, akaingiza mkono dirishani, akazima injini. Kisha akachukua chupa ya chai na vikombe viwili, akakaa chini kando ya njia, kwenye kivuli cha gari.

"Kaa, Vern," alisema. "Barua zitasubiri."