Mpishi Mwenyewe Anakula Wapi?

Enzi zetu mtu hakutafuta pa kula kwa simu. Pale Tanga, mimi na Dada Mwanaidi tulikuwa na hela ya sikukuu ya sahani moja tu, tule wawili, kwa hiyo hatukutaka kukosea. Dada akatunga kanuni yake: mtazame mpishi. Akimaliza kazi, anakwenda kula wapi? Basi huko ndiko.

Idi moja tulimngoja mpishi wa pilau wa pale sokoni, jitu la tumbo, tukamfuata kichochoro hadi kichochoro, kandambili mikononi asitusikie. Akageuka.

"Nyie watoto, nani kawatuma?"

"Shikamoo," Dada akasema. "Tunataka kujua unakula wapi."

"Kwa mama."

"Na kwa mama kuna nini leo?"

Kulikuwa na muhogo wa nazi na papa. Mama yake, kibibi kidogo, alitupakulia huku akimsema mwanawe: "Analisha mji mzima, akija hapa utadhani katoka jela." Tulirudi nyumbani matumbo yametutangulia, hela bado mfukoni. Mama yetu hakucheka. "Watu watasema sipiki," akasema, akatulazimisha tule tena.

Mwaka huu Dada amefariki. Mimi niko huku Johannesburg, nashona nguo mtaa wa Kensington. Mazishi sikuyawahi. Binti yake Rehema ni nesi katika mji mdogo wa Ayalandi, ambako anasema watu huongea chakula kama sisi tunavyoongea mpira. Lakini tangu msiba alikuwa anakula mkate chumbani, peke yake, na jambo hilo lilininyima usingizi. Juzi akaniandikia: "Mjomba, wenzangu kazini wamenitajia migahawa, kila mmoja na nyota zake za kwenye simu. Niende upi?"

Ayalandi yenyewe sijui iko upande gani. Nikamjibu, "Mama yako angemfuata mpishi."

"Mjomba, huku wataita polisi."

"Basi muulize."

Akauliza. Mpishi wa mgahawa wenye nyota nyingi kuliko yote alicheka, akamwelekeza kwenye kibanda cha samaki na chipsi kando ya mto. Rehema akanitumia picha: karatasi tupu, imelowa mafuta. "Nimemaliza yote. Ila pilipili hawaijui."

Vijana wa leo wana nyota, sisi tulikuwa na kandambili mikononi. Niliitazama karatasi ile mpaka mteja akasema, "Eish, baba, suruali yangu vipi?" Dada angekuwepo angeuliza neno moja tu, nikaona nimwandikie binti yake kwa niaba yake: "Na huyo wa kibanda, yeye anakula wapi?"

Jibu likaja upesi. "Bado hajafunga, Mjomba. Namngoja hapa nje. Nimevaa raba."