Mikono ya Mzee wa Polishi

Nitaanza na lile baya kabisa, nisije nikazungukazunguka. Nilimwombea mtu mzima aachane na pombe, mbele ya wafanyakazi wenzake, na mtu huyo hata kuionja pombe haonji.

Nina yadi ya kuosha na kupolishi magari hapa Nakuru, kando ya barabara ya kwenda Nyahururu. Kila asubuhi kabla ya kazi tunasimama kwa duara, tunaimba pambio moja, halafu mtu anaomba. Mara nyingi mwombaji ni mimi, kwa sababu yadi ni yangu na mdomo ninao. Sijivunii. Nasema tu ilivyokuwa.

Mzee wa polishi alikuwa amefanya kazi kwangu miaka sita. Ni mtu wa Subukia, amepita hamsini, mpole, mwenye kuongea pale tu anapoulizwa. Gari likitoka mikononi mwake ungeweza kusimama mbele ya mlango wake ukachana nywele. Wateja walikuwa wanakuja wakiuliza, "Yule mzee yuko?" Asipokuwepo, wanarudi kesho.

Halafu mikono yake ikaanza kuharibika. Kikombe cha chai alikuwa anakishika kwa mikono yote miwili, na bado kinamwagika. Vifungo vya ovaroli akaviacha wazi. Asubuhi za baridi nilikuwa namkuta ameficha mikono kwapani, na akiitoa, ncha za vidole zimepauka kama zimeshikashika unga. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Nikajumlisha mwenyewe, bila kuuliza mtu, nikapata jibu: chupa.

Yeye alijaribu kuniambia. Siku moja alikuja na mashine ya kupolishi mkononi, waya umening'inia, akasema, "Madam, hii mashine siku hizi inapiga mikono sana. Inatetemeka vibaya."

Nilikuwa na wateja wawili wamesimama, na mimi nikiwa na watu wa kunisikiliza huwa nakosa adabu. "Mashine ndiyo inatetemeka, mzee," nikamuuliza, "ama ni wewe?"

Woi, vile yadi ilicheka! Hata yeye alicheka kidogo, akarudi kazini.

Wiki hiyo hiyo mashine ikamruka mkononi, ikala rangi kwenye ukingo wa mlango wa gari la mteja. Kesho yake asubuhi nilimwita katikati ya duara. Nilimwekea mkono kichwani, mtu aliyenizidi umri, nikakemea roho ya ulevi kwa sauti hadi wapita njia wakasimama kuangalia. Nilipomaliza alisema, "Amina." Mimi nikaichukua hiyo amina kama kukiri kosa. Haki sijui nilitaka aseme nini kingine, na kiganja changu kiko juu ya kichwa chake.

Na kama hayo hayatoshi, nilimpigia mkewe simu. Nilijiambia ni mambo ya mwanamke kumsaidia mwanamke. Nikamwambia, "Mama, mwangalie mzee, ameanza kunywa." Akanishukuru.

Ijumaa mzee alikunja ovaroli yake vizuri, akaiweka juu ya kiti. "Wacha nikaangalie ng'ombe kwanza, madam," akasema. Sikumzuia.

Magari hayakungoja. Nikasema, polishi ni nini, si ni kushika mashine na kusukuma? Nikaishika mwenyewe. Niliikaba kwa nguvu zangu zote na kuikandamiza kwenye boneti, maana niliona ikilegea kidogo tu itanikimbia. Kutwa nzima ilikuwa inaningurumia kwenye mifupa hadi kiwikoni. Usiku vidole viliwaka moto, asubuhi sikuvisikia kabisa. Wiki ya tatu nilishindwa kufunga vifungo vya sweta yangu. Siku hiyo saa nne nikamwaga chai yote kwenye sketi. Mfanyakazi mmoja aliniangalia, kisha akageuza macho haraka. Nilijua anachofikiria, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha.

Nilipeleka mashine kwa fundi wa umeme siku hiyo hiyo. Hakuhitaji hata kuifungua. Aliigeuza juu chini, akaizungusha sahani kwa kidole, akapiga mluzi. "Mathe, nani anatumia hii kitu?" Sahani inayoshika sponji ilikuwa imepinda. Nilikumbuka mara moja: niliiangusha mimi, nikihamisha vitu mvua ilipokuja, na sikumwambia mtu. Sponji lenyewe lilikuwa limebandikwa upande, halikukaa katikati, na limejaa dawa ya polishi iliyokauka ikawa ngumu kama jiwe. "Hapa unashikilia kinu cha posho," fundi akasema.

Alibadilisha sahani, akanionyesha namna ya kuweka sponji katikati sawasawa na kulisafisha dawa isigande. Akanipa mashine, akanikataza kuikaba. "Ishike kama unashika kuku wa jirani," akasema. "Asitoroke, lakini usimuumize. Uzito wake ndio ufanye kazi." Nianze na mwendo wa chini. Nivae glavu nene, nipashe mikono joto kabla ya kazi, na kila baada ya robo saa niiweke mashine chini ninyooshe vidole. Nikaiwasha. Ilikuwa imetulia kabisa, inanong'ona tu.

Nilisimama pale kwa fundi nikalia, mtu mzima kama mimi. Kazi ya nusu saa! Nusu saa ya kusikiliza mtu, na mimi nilimpa maombi.

Kesho yake kwenye duara sikuomba. Niliwaeleza wafanyakazi yote, kuanzia kuangusha mashine hadi simu kwa mkewe. Hakuna aliyecheka. Lakini hao walikuwa rahisi. Huko Subukia kulikuwa na nyumba ambamo jina la mtu nililichafua mimi, na hakuna wa kulisafisha ila mimi. Na bado, nawaambia ukweli, nilichelewa. Kila Jumamosi nilipata sababu. Miezi minne ikapita tangu aondoke.

Nilipofika nilimkuta ameketi nje, mikono kwenye mifuko ya koti. Alisimama kunipokea kama mgeni wa heshima. Nilitamani nimvute kando, tuyamalize wawili, lakini mkewe alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa, na nikajua nikisema bila yeye kusikia sijasema kitu. Nikamwita. Nikasema palepale, tumesimama wote watatu, kwamba mzee hakuwahi kunywa; mashine niliyoiharibu mimi ndiyo iliyomharibu mikono; aliniambia, nikamcheka. Nikaomba msamaha. Nikasema mashine imetengenezwa, na akitaka, mahali pake papo.

Mzee aliangalia chini. "Ni sawa, madam," akasema. "Hata kukamua siwezi siku hizi. Sisikii titi."

Mkewe aliweka ndoo chini. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Hakunitazama hata.

"Aliniambia hajanywa," akasema. "Nikamwambia madam wako ni mtu wa maombi, hawezi kudanganya." Akajifuta mikono kwenye leso, polepole, kidole kimoja kimoja. "Kila jioni akiingia namnusa mdomo. Siku hizi hata simwambii. Anakuja mwenyewe, anainama, anangoja ninuse."