Masi Rashida Alipomkasirikia Mwandishi

Ukitaka kumjua Masi Rashida, mwambie hujaolewa. Ataacha lolote alilokuwa akilifanya, hata kama vitunguu viko motoni, atakukalisha kitini, na kabla chai haijachemka atakuwa ameshajua kwenu ni wapi, mama yako ni binti wa nani, na ukikasirika unanuna siku ngapi. Nusu ya ndoa za jamaa zetu hapa Scarborough zimepitia mezani kwake. Wapo wanawake waliostaafu wakaanza kufuma masweta. Yeye amestaafu akazidisha kuozesha.

Alizaliwa Tanga, akaja Toronto akiwa bado kijana, akafanya kazi katika ofisi ya bima mpaka nywele zikaota mvi. Sasa ni mjane, anakaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja karibu na Markham Road, na lifti ikiharibika anashuka kwa ngazi huku akimlaani mwenye jengo kwa Kikachi, lugha ya mababu zetu waliotoka India. Si ndugu yangu wa damu. Masi ndivyo tunavyowaita dada za mama zetu, na yeye na marehemu mama yangu walikuwa hawaachani. Mama alipofariki, Masi alinichukua mzima mzima, na homa zangu, na hasira zangu, na zaidi ya yote, useja wangu. Mimi ni Azmina, natengeneza miwani, nimeshavuka arobaini, na tangu tumzike mama hajaacha kunitafutia mume hata wiki moja.

Mwaka huu alikuwa amempata Alykhan, daktari wa meno wa Mississauga, aliyeachana na mkewe kwa amani. "Mpole, na nywele zake zote anazo," aliniambia, kana kwamba ananiuzia gari. Ilishapangwa kwamba Jumapili ya mwisho ya Februari angekuja na mama yake kunywa chai.

Na mimi nilikuwa na Hira.

Hira ni muuguzi. Anaishi Regent Park, anacheka kwa sauti kubwa mpaka watu wa meza ya pili mgahawani wanageuka, na tumependana kwa miaka minne. Kwa muda wote huo, kila nilipoulizwa, nilisema ni rafiki yangu. Nikienda naye harusini, rafiki. Akinisindikiza hospitalini, rafiki. Nilipomwambia habari ya Alykhan nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikunja nguo zilizokuwa kitandani, akazipanga, akasema, "Nimechoka kuitwa rafiki, Azmina. Nakupenda, lakini nimechoka." Hakunipa tarehe wala masharti. Nilijua tu kwamba nikikaa kwenye ile chai na daktari wa meno, nitakuwa nimeshamjibu.

Sasa niwaeleze kuhusu kikundi chetu. Tuko wanawake wanne, tunasoma kitabu kimoja kila mwezi, kisha tunakutana kwa Masi kukijadili. Vitabu ni vya Kiingereza kwa sababu ndivyo maktaba inavyotupa, lakini maneno yetu ni Kiswahili. Kiingereza tunakitumia kazini, Kikachi tunakisema kwa wazee, na umbea haunogi kwa lugha nyingine. Kuna Masi. Kuna Kulsum, mama mtu mzima wa Mombasa, Mshia wa Ithnaasheri, mcha Mungu, asiyemeza neno. Kuna Minaz, rika langu, ambaye alikuwa peke yake anayejua habari za Hira. Na tuna sheria moja: aliyechagua kitabu hasemi lolote mpaka wengine wote wamalize. Sheria hiyo ilitungwa baada ya Kulsum kukitetea kitabu chake mfululizo mpaka bajia zikapoa, na Masi hawezi kusamehe bajia zilizopoa.

Februari ilikuwa zamu yangu. Nilichagua riwaya ya wanawake wawili wanaoendesha duka la mikate katika mji mdogo wa pwani, wakapendana. Mmoja mfupi, mmoja mrefu. Sikuwa na ujasiri wa kusema mwenyewe, nikakituma kitabu kitangulie. Nilitaka nisikie watakavyowasema wanawake wa kwenye karatasi, ili nijue watakavyonisema mimi. Minaz alipoona jalada akanipigia simu. "Una wazimu," akaniambia, akanicheka mpaka nikamkatia.

Jumapili tuliyokutana, wiki moja kabla ya ile chai, theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na basi la barabara ya Lawrence lilichelewa vibaya. Nilipofika wenzangu walikuwa wameshakula bajia za mwanzo. Kuku wa nazi alikuwa jikoni, nyumba nzima inanukia. Nikakaa, nikafunga mdomo wangu kama sheria inavyotaka.

Kulsum ndiye aliyeanza. Akakiweka kitabu mezani, akakifunika kwa kiganja.

"Mie ntasema kweli yangu," alisema. "Mambo haya dini yangu haiyakubali, na sitajifanya mbele yenu." Akalipapasa jalada. "Lakini yule mfupi alivyomuuguza mwenzake, akimnywesha uji kwa kijiko, wallahi nililia ndani ya basi. Mtoto mmoja akanipa karatasi nipanguse pua. Sasa mwandishi amenifanya nini huyu?"

Tulicheka, hata mimi, na kucheka hakukatazwi na sheria. Minaz akadakia.

"Mimi nina ugomvi na mwisho wake. Kwa nini mrefu lazima azame baharini? Kila nikisoma kitabu cha watu hawa, mmoja anakufa. Kwani wao hawawezi kuzeeka wakaumwa magoti kama sisi?"

"Ngoja," alisema Masi. "Ngoja, ngoja."

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa maktaba umejaa, akaumwaga mezani. Vitabu vikatapakaa kati ya chatini na vikombe. Masi Rashida alikuwa amekasirika hasa. Mashavu yalikuwa mekundu.

"Nilipofika pale anapozama, nilikirusha kitabu," alisema. "Kesho yake nikaenda maktaba. Nikamwambia yule kijana mkutubi: nataka vitabu vyote mlivyo navyo vya wanawake wanaopendana, nione kama wote mnawaua. Akanitazama, bibi kizee na shali yangu. Akasema, 'Subiri hapo, mama.' Akaniletea hivi."

"Umevisoma vyote?" Kulsum aliuliza.

"Nisivisome nina kazi gani?" Akaanza kuvionyesha kwa kidole. "Huyu anakufa. Huyu hafi, lakini anamwacha mwenzake, anakwenda kuolewa na mtu asiyempenda. Hawa wako hai, wana afya, wana nyumba nzuri na paka. Lakini sikilizeni! Kitabu kizima hakuna hata mtu mmoja aliyewagongea mlango akawaletea chakula! Hawana shangazi? Hawana jirani? Wanapendana hewani tu, kama wameanguka kutoka mwezini. Na hawa wa duka la mikate, nani aliuliza kwao ni wapi? Nani alimwambia yule mrefu kwamba yule mfupi ana kiburi asubuhi, umwache mpaka anywe chai? Nani aliwapatanisha walipogombana? Hakuna! Ndiyo maana anakwenda baharini peke yake usiku. Angekuwa na watu, angetoka nyumbani bila mtu kumuuliza unakwenda wapi?"

Minaz alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Kulsum alikuna kidevu.

"Lakini Rashida, watu wao wangekubali vipi?"

"Wasikubali! Wanune! Wagombane!" Masi alipiga meza kofi, vijiko vikaruka. "Ndugu wa kweli wanagombana na wewe wakiwa mezani kwako. Mwandishi hakuwapa hata watu wa kugombana nao. Huo ni uvivu. Mimi ningekuwa mle ndani, yule mrefu asingekufa."

Sijui niseme vipi nilivyojisikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa kwa kimya, nimejiandaa hata kuchukua koti langu niondoke. Sikuwa nimejiandaa kwa hili. Nikatazama kikombe changu.

"Na kuna jambo moja limenikera kuliko yote," Masi akaendelea, akakifungua kitabu changu mahali alipokunja ukurasa. "Mrefu ana shangazi. Anatajwa mara moja tu. Imeandikwa shangazi alimlea, anampenda. Basi kwa nini hakumwambia? Haya, Azmina, tumemaliza, zamu yako. Wewe ndiye uliyechagua. Kwa nini hakumwambia shangazi yake?"

Wote wakanigeukia. Minaz alikuwa ameacha kucheka.

"Aliogopa," nilisema.

"Aliogopa nini?"

"Kwamba akishamwambia, hataitwa mwanangu tena."

Minaz akanishika mkono chini ya meza. Masi akakifunga kitabu polepole. Akanitazama kama anavyowatazama wanaokuja kwake kutafutiwa wachumba, bila haraka, uso mzima.

"Azmina," alisema. "Bado tunazungumzia kitabu?"

"Hapana, Masi."

Akainuka akaenda jikoni. Tukamsikia anazima jiko, anafunika sufuria, anafungua bomba la maji, analifunga. Sijawahi kusikia bomba likikaa wazi muda mrefu vile. Kulsum alikuwa ameinamisha kichwa. "Mie leo msiniulize neno," alinong'ona. "Nipeni muda." Lakini hakuinuka, wala hakunitazama vibaya. Akajimiminia chai nyingine, akanimiminia na mimi.

Masi akarudi anafuta mikono kwenye kanga yake.

"Jina lake nani?"

"Hira."

"Kwao?"

"Arusha. Lakini amekulia hapa."

"Arusha kwa nani? Si wale waliokuwa na duka la vitambaa? Bibi yake si Kanizfatema?"

"Ndiye, Masi."

"Ya Ali!" Akaketi kwa kishindo. "Nimecheza ngoma ya dandia, na fimbo zangu mkononi, harusini kwao! Ana kazi?"

"Muuguzi."

"Tangu lini?"

"Ameanza kazi zamani kidogo, baada ya kumaliza..."

"Sikuulizi kazi! Tangu lini na wewe?"

"Miaka minne."

Hapo ndipo alipolipuka. "Miaka minne! Miaka minne napigia simu akina mama wa Calgary mpaka Vancouver, nasifia macho yako, nasifia upishi wako ambao haupo, na wewe una mtu! Unaniacha nahangaika kama mwendawazimu!" Alikuwa anapiga kelele na machozi yanamtoka. Kisha akanivuta, akanibana kifuani mpaka miwani yangu ikapinda, akasema sikioni mwangu, "Mwanangu, we. Mwanangu. Mjinga mkubwa." Nililia kama mtoto, na sioni haya kusema hivyo.

Aliponiachia akachukua simu yake. Akampigia Naheed, mama yake Alykhan, akaweka spika.

"Naheed, ile chai ya Jumapili haipo. Azmina ameshachukuliwa."

"Lo! Na nani? Kijana wa nani?"

Masi akaiziba simu kwa kiganja, akanitazama. "Niseme?" aliuliza. Nyote mnajua jamaa zetu: jambo likimfikia Naheed saa kumi, saa kumi na moja liko Dar es Salaam. Nikaitikia kwa kichwa.

"Si kijana. Ni msichana, anaitwa Hira. Mjukuu wa Kanizfatema wa Arusha."

Nilidhani amekata.

"Wewe Rashida umelikubali hilo?" Naheed aliuliza mwishowe.

"Nisingelikubali ningekupigia simu?"

Tukasikia Naheed anavuta pumzi. "Basi," alisema, "huyo Hira ana dada?"

Minaz alianguka kutoka kitini, kweli alianguka. Hata Kulsum alificha uso kwenye ushungi, mabega yanatikisika, na Masi akawa anamwambia Naheed, kwa uzito wa mtu aliye kazini, kwamba atauliza.

Nikachukua simu yangu, nikampigia Hira. Alikuwa ndio kwanza ametoka zamu. Nikamwambia Masi Rashida anataka aje, leo, sasa hivi, kuku ameshaiva.

"Nije kama nani?" aliuliza.

Chumba kizima kilikuwa kinanisikiliza. Masi alikuwa ameshika sahani hewani.

"Kama mchumba wangu," nikasema, kwa sauti, ingawa hatukuwa tumechumbiana.

Nilisikia magari ya barabarani kwake, na mtu akipita anacheka. Kisha akaniuliza avae nini.